Kuni za Mzazi

Mwaka ule mama mkwe wangu alikuwa bado hajanisemesha hata neno moja, na mimi na binti yake tulikuwa tumeoana miaka miwili. Hatukuwa tumekosana. Kwao, watu wa ziwa Kisale, mkwe wa kiume na mama wa mke huheshimiana kwa kukwepana: ukimwona anakuja njiani unaingia majanini, huli mbele yake, humtazami machoni, na ukiwa na neno unampa mtu wa tatu alifikishe. Familia nyingi hapa Kamina zimeilegeza kamba hiyo. Familia ya mke wangu haijalegeza hata uzi mmoja.

Kwa hiyo alipopiga simu Jumapili moja ya mwezi wa tano, alimpigia binti yake, na binti yake, anayeijua kazi yake, akaiweka simu mezani huku sauti imefunguliwa hadi mwisho.

"Nasikia uko na mimba," mama mkwe akasema kutoka Kinkondja, upepo wa ziwa ukivuma ndani ya simu. "Aksanti kwa Mungu. Uambie bwana yako, mutoto wa kwanza anazaliwaka kwa mama ya muke. Mwezi wa kenda nakuya kukukamata."

Nilitikisa kichwa kwa nguvu. Mke wangu akakitafsiri kichwa changu.

"Mama, anasema hapana. Anasema hapa Kamina kuko hopitali, na njia ya Kinkondja iko mubaya."

Nilidhani mtandao umekatika.

"Hopitali njo itakuogesha?" akauliza. "Itakuchemushia maji asubui na mangaribi, myezi tatu? Sawa. Nitakuya mwezi wa kenda. Nikikuta kuni ya muzazi, kuni ya kweli, ya kufika myezi tatu, tunabakia Kamina. Nikikosa, tunapanda gari wote mbili mbele ya mvula kukata njia. Umuambie vile."

Hakukuwa na haja ya kuniambia. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

Pengine msomaji wa kwingine atashangaa kwamba mambo ya uzazi yaamuliwe na kuni. Kwetu mwanamke aliyejifungua, yaani mzazi, huogeshwa na mama yake kwa maji ya moto sana, asubuhi na jioni, akikandwa tumbo na kiuno kwa kitambaa mpaka mwili urudi mahali pake. Baada ya hapo kuna maji ya mtoto, kuna uji, kuna nepi za kukausha, na mvua zetu hazina adabu. Sufuria ya kazi hiyo ni kubwa. Ukiiteleka juu ya mbabula, lile jiko dogo la makaa, gunia litakwisha kabla hujajua limeanza. Isitoshe, mvua zikikolea makaa yenyewe hayafiki mjini, kwa sababu baiskeli zinazoyaleta zimekwama matopeni. Mwenye akili hukata kuni wakati wa kiangazi, akazichanja, akazipanga zikauke, kisha mvua inyeshe itakavyo.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine, ambayo sikuwa nimemweleza mtu sawasawa. Wazazi wangu walikuwa watu wa Kasai. Nilizaliwa hapa Kamina katika nyumba ya matofali karibu na reli, na nilipokuwa mtoto wa miaka sita, watu wa Kasai walipofukuzwa hapa, tulipakiwa kwenye behewa pamoja na wengine wengi, tukaambiwa tunarudishwa kwetu. Kwetu ndiko tulikokuwa tunatolewa. Nilirudi nikiwa mtu mzima, nikiwa na cheti cha kufundisha hesabu, nikapata kazi, nikaoa binti wa hapa. Nilitaka mtoto wangu azaliwe Kamina, na asitokee mtu wa kumpandisha gari, hata kwa nia njema. Jambo hilo nililitaka kupita kiasi. Nililala nalo na kuamka nalo.

Tatizo lilikuwa moja tu: sikuwa nimewahi kuchanja ukuni katika maisha yangu. Mikono yangu ilizoea chaki.

Kiasi cha mwendo wa saa moja kwa baiskeli, upande wa barabara ya Base, kambi ya jeshi, palikuwa na mkulima aliyekuwa anafungua shamba jipya. Aliniruhusu nichukue miti aliyokwisha kuangusha, mradi nimsafishie mahali pake. Nilinunua shoka, nikafunga kamba kwenye kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli, na kila nilipotoka shuleni nilienda. Magogo niliyasukuma hadi nyumbani, mawili matatu kwa safari. Kuyachanja ndiko kulikonitoa jasho la aibu. Nilipiga katikati kabisa ya gogo kwa nguvu zangu zote, na shoka likanasa. Kulinasua kulinichukua muda mrefu kuliko kulipiga.

Jirani yangu, mke wa askari wa Base, alinitazama siku tatu kutoka ng'ambo ya ua huku akikaanga mikate yake ya kuuza. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mzaliwa wa mbali kule Equateur, aliyehamishwa na jeshi kutoka kambi hadi kambi pamoja na mumewe, na kila kambi ilimfundisha kazi moja. Siku ya nne aliweka mwiko chini akaja.

"Prof," akasema, "weye unagombana na iyi muti. Muti haina makosa."

Alilichukua shoka mkononi mwangu bila kuomba, akalizungusha gogo kwa mguu mpaka akaona ufa mwembamba ambao mimi nisingeuona hata kwa miwani.

"Uangalie fasi muti yenyewe inataka kupasuka. Njo pale unapiga, pembeni, hapana katikati. Na usikaze mikono. Uachilie shoka, iko na uzito yake."

Akapiga mara moja. Gogo likafunguka vipande viwili, vikalala kila kimoja upande wake kwa heshima. Nilijikaza kisabuni nikaomba nijaribu. Nilijaribu wiki mbili. Mwisho wa wiki ya pili gogo likafunguka kwa pigo moja, na nikatazama kulia na kushoto kama kuna mtu ameona. Yeye ndiye aliyekuwa ameona. Alinirushia mkate wa moto juu ya ua, na tangu siku ile kazi ikawa tamu.

Sijui niieleze vipi furaha ya miezi ile. Mwezi wa sita na wa saba Kamina huwa na baridi kali asubuhi, na nilikuwa naamka kabla ya mke wangu, nachanja vipande kumi kabla ya kwenda shule, mwili unapata joto, harufu ya mti mbichi inanikaa kwenye shati mpaka darasani. Wanafunzi walinusa. Nilikuwa nafundisha pembe na mistari huku nikiwaza nyuzi za mti. Mke wangu alitoka na chai yake, tumbo likiwa limeanza kuonekana, akakaa juu ya gogo na kunihesabia makosa. Alikuwa amelelewa mjini na shangazi yake, hajui zaidi yangu, lakini kukosoa hakuhitaji cheti.

Mwishoni mwa mwezi wa nane miti ya mkulima ilikwisha, na rundo langu lilikuwa nusu tu. Pembeni mwa shamba lake ulisimama mubanga mkubwa uliokufa. Mubanga ni mti mgumu, mchwa wanauogopa, moto wake hukaa. Huu ulikuwa mkavu hadi moyoni, gome limebanduka, na una mstari mweusi uliotoka kileleni hadi mizizini. Nilimwuliza mkulima kama ninaweza kuuchukua.

"Ule?" akasema. "Ule ukamate yote. Minyi siutake."

Nilimwona mtu mkarimu. Sikumwuliza kwa nini hautaki, na yeye hakusema. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Niliukata siku nane, nikausukuma nyumbani kipande kwa kipande, nikauchanja kwa kabari ya chuma niliyoazima, na kila kipande kilipofunguka kililia vizuri. Jirani yangu mwenyewe alikiri kwamba hajaona kuni kavu namna ile.

Kisha nikapanga. Hapo sasa nilikuwa kwenye uwanja wangu. Nilitandika mawe ili mchwa wasipande, nikavuta kamba, nikatundika jiwe kwenye uzi liwe timazi, nikapanga safu mbili zinazoegemeana, ncha zake nimezikutanisha kwa zamu kama fundi anavyokutanisha matofali. Lilisimama kati ya jiko na ua, refu hatua tano, kimo chake kifuani pangu, na juu yake mabati ya zamani. Nilimwita mke wangu, nikamwita jirani, nikasimama kando kama mtu aliyepita tu. Mke wangu alisema rundo limenyooka kuliko nyumba. Ilikuwa kweli.

Mama mkwe alifika mwisho wa mwezi wa kenda, kwa mtumbwi kisha kwa lori, na mkeka wake, na furushi la samaki wakavu lililotangulia kunukia kabla yeye hajashuka. Mimi nilijificha nyuma ya jiko, kama inavyotakiwa, nikachungulia kwenye matete. Ni mwanamke mfupi, mkavu, anayetembea upesi. Alimkumbatia binti yake, akaliweka tumbo lake mkononi kama anayelipima, kisha hata maji hakunywa, akaenda moja kwa moja kwenye rundo.

Alilizunguka. Akachomoa kipande kimoja, akakinusa, akapitisha kidole kwenye ule mstari mweusi. Akakirudisha palepale kilipokuwa, akaomba maji, akanawa mikono hadi viwiko.

Jioni ile alipika kwa makaa, kwenye mbabula. Nilijiambia amechoka na safari. Kesho yake akapika kwa makaa, na kesho kutwa vilevile. Rundo langu lilisimama pale na timazi yake, hakuna mkono ulioligusa. Mke wangu alipomwuliza mama yake kama kuni zinatosha, alijibiwa neno moja: "Tutaona." Siku ya nne nikasikia anaulizia kwa jirani magari ya kwenda Bukama, njia ya Kinkondja, yanaondoka siku gani.

Niseme ukweli, nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikamfokea mwanafunzi aliyesahau rula. Nilidhani ni ile hadithi ya zamani, kwamba mimi ni mtu wa Kasai, na kwamba hata ningepanga kuni mpaka mbinguni zingebaki kuni za mtu wa kuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila lawama, kuni chache, kuni mbichi, kuni nene. Kwa ukimya sikuwa na jibu, na desturi ilinikataza hata kuuliza.

Siku ya tano, baada ya shule, nilikuwa nimechutama upande wa ua nikikaza bati ambalo upepo ulikuwa umelilegeza. Mke wangu alikuwa amekwenda kupimwa. Nikasikia miguu ya mama mkwe inakuja upande wa jiko, inasimama. Kinga yangu ilikuwa imeegemezwa pale pale, alijua nipo. Kati yetu kulikuwa na rundo, na miguuni pake kuku wetu mmoja akiparura.

"Weye kuku," akasema, "usikilize muzuri. Iyi muti nkuba iliipiga."

Mkono wangu ulibaki juu ya bati. Nkuba ni radi.

"Muti yenye nkuba ilipiga haichemushake maji ya muzazi," akaendelea, polepole, kama anayefundisha. "Ile moto haiko ya batu. Na nkuba haitajwake mbele ya mwanamuke wa mimba. Kumbe naweza kumutuma nani? Binti yangu njo kinywa yangu mu iyi nyumba, na ile kinywa imefungwa. Nangoja siku tano mutu wa tatu apite. Hakuna mutu: jirani anasemaka kwa nguvu, binti yangu angesikia. Sasa nakuambia weye, kuku."

Kuku aliendelea kuparura. Mimi nilikuwa nataka kucheka na kulia kwa pamoja. Siku tano zile ambazo mimi nilizimeza kama tusi, yeye alikuwa anazunguka na neno moja kinywani bila mahali pa kulitua.

"Kuku," nikasema kutoka upande wangu, bado nimechutama, "umuambie mama, minyi sikujua."

"Kuku, umuambie, naona hakujua. Mutu mwenye kujua hapange makosa muzuri hivi."

"Kuku, umuulize mama, tukitoa yote ya nkuba, ile inabakia itafika myezi tatu?"

"Haifike. Iko nusu."

"Na mvula?"

"Minyi siko Mungu. Wiki mbili, pengine. Umuambie alete ingine, kavu, yenye ilikufa yenyewe. Minyi nitapanga naye." Akapapasa safu ya juu. "Na apange tu vile anajua. Kupanga anajua."

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wangu siku ya sita alijitwalia shoka mwenyewe. Nilipotoka shuleni nilimkuta ameshalibomoa rundo zima, kuni za radi ziko upande mmoja, nyingine upande wa pili, na yeye anachanja magogo madogo niliyokuwa nimeyaona hayafai. Jirani yangu alikuwa anazirusha zile za radi juu ya ua kwenda kwake, mikono miwili miwili. Aliambiwa kisa chote, kwa kunong'onezwa, akainua mabega. Kwao, alisema, radi haichagui mti wa kukaangia mikate. Zile kuni alizitumia mpaka mwaka ukaisha, na yeye na nyumba yake hawakupatwa na lolote. Mama mkwe alisema mikate ile hataila. Wiki ya pili nilimwona, nyuma ya jiko, anakula mmoja. Sikumwambia mtu.

Mimi nilitafuta miti iliyokufa kwa amani. Nilienda mbali zaidi kuliko lile shamba, nikarudi jua limelala, nimebeba kidogo. Mawingu yalikuwa yanajijenga kila alasiri upande wa Bukama, joto limetulia kama kifuniko, mchwa wenye mabawa wameanza kutoka ardhini. Nilikuwa nayatazama mawingu yale kama mtu anayetazama saa ya mtihani. Jirani alichanja nasi jioni, bila kuombwa.

Kupanga tulipanga wawili, mama mkwe upande wa jiko, mimi upande wa ua, kila mtu na safu yake. Mwanzoni, rundo lilipokuwa magotini, ilikuwa taabu tupu: nikiinuka yeye anainama, akigeuka mimi natazama ukuta. Lilipofika kiunoni tukaanza kupata nafuu. Lilipofika kifuani pangu lilikuwa limemfunika yeye kabisa, na tukaweza kuzungumza. Kuku alikuwa ameondoka zamani kutafuta chakula chake, lakini tuliendelea kumtaja kwa adabu.

"Kuku," akasema jioni moja, vipande vikigongana, "umuambie juu ya nini nilitaka kuni. Asiwaze niko mwanamuke wa kusumbua batu bule. Mukubwa wa muke yake, binti yangu wa kwanza, alizaa Kolwezi. Hakukuwa mutu wa kumuwashia moto. Banawake wa pale balimuogesha na maji ya vuguvugu, mara moja kwa siku, wakati balikuwa na nafasi. Nilipata telefone siku ya tatu. Mutoto alikufa, na yeye mwenyewe tumbo haikurudi muzuri mpaka leo. Minyi nilikuwa Kinkondja, na kuni ilikuwa imejaa mu lupango yangu, mu kiwanja muzima."

Nilisimama na kipande mkononi. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Mke wangu hakuwahi kuisema. Nilimhurumia kiasi kwamba sikujua niiweke wapi huruma hiyo, na kwa kuwa sikuwa na namna nyingine, nilimpa kuku habari yangu. Nilimwambia juu ya behewa, na kwamba mama yangu alikuwa amebeba sufuria moja tu, na kwamba ndani ya sufuria kulikuwa na funguo za nyumba ambayo hatungeirudia. Nikamwambia, kuku yule asiyekuwepo, kwamba sina neno baya na Kinkondja, ila ningependa mtoto wangu aanze mahali nilipoanza mimi na asiondolewe.

Upande wa pili kipande cha kuni kikawekwa juu ya safu, kikasogezwa mpaka kikakaa sawa na kamba yangu.

"Kuku," akasema, "umuambie, mutoto atazaliwa hapa."

Mvua ya kwanza ilinyesha siku tatu baadaye, alasiri, ikiwa imekuja kwa ghafla kutoka upande ambao sikuwa nautazama. Rundo lilikuwa limefunikwa, limebakia pengo la hatua moja hivi, na kuni za kulijaza tulikuwa tumezirundika ndani ya jiko. Tulisimama chini ya paa, wanawake watatu upande mmoja na mimi peke yangu upande wa pili, tukisikiliza mabati. Mke wangu alisema amesikia mtoto anapiga teke. Jirani alisema ni mikate.

Binti yetu alizaliwa mwezi wa kumi na moja, hospitalini Kamina, asubuhi. Kutoka siku waliporudi nyumbani, maisha yetu yalipangwa na moto. Mama mkwe aliamka kabla ya jogoo, nikasikia kuni zinavyochaguliwa, kisha moshi, kisha maji yanaanza kuimba kwenye sufuria kubwa. Kutoka kwenye bafu la matete nilisikia mke wangu anaguna, analalamika kwamba maji yatambabua, kisha baadaye anacheka, na mama yake anamwambia akae kimya mwili urudi. Mtoto alilia alipovuliwa na akanyamaza alipoguswa na maji. Mimi nilikaa upande wangu wa rundo nikisahihisha madaftari, macho yakiwasha kwa moshi, na sikuwa nataka kuwa mahali pengine popote duniani. Mtoto alinenepa. Mke wangu akapata rangi. Nyumba ikanuka samaki, moshi na maziwa.

Kuni zilipungua safu kwa safu. Mwanzoni nililipima rundo kwa fahari, nikaona hesabu yangu imekaa sawa. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya nilianza kulipima kwa namna nyingine, na sikupenda nilichokiona. Mke wangu akaniambia kwamba mama yake amesema mawe ya chini yakionekana, yeye anarudi Kinkondja. Kazi yake itakuwa imekwisha, na ana mashamba yake, na wajukuu wengine. Ilikuwa haki yake. Nilisema ndiyo, haki yake, nikatoka nje. Niliogopa nyumba itakavyokuwa bila yule mtu ambaye sikuwa nimewahi kumtazama usoni. Nilishangaa kuogopa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi niliichukua kinga nikaenda mvuani mpaka kwa mkulima. Alikuwa ameangusha miti mingine wiki ile ile, majani bado yako juu yake, utomvu unatiririka. Aliniuliza nitaifanyia nini miti ya namna hiyo, msimu wa namna hii. Nikamwambia nitaipanga. Nilifanya safari mbili, matope hadi magotini, nikaichanja, nikaiweka juu ya zile safu chache zilizobaki, mapengo tele, bila kamba wala timazi.

Jumapili asubuhi, mzigo wa mama mkwe ulikuwa umefungwa, umewekwa karibu na mlango, mkeka umekunjwa juu yake. Alikwenda kuchukua kuni za maji ya mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Rundo lilikuwa fupi, haliwezi kumficha mtu yeyote. Akachukua kipande, akakisikia uzito, akakigeuza. Utomvu ukamshika kiganjani. Akainua kichwa, akanitazama mimi, machoni.

"Iyi kuni iko mubichi," akasema.

Mke wangu alikuwa ndani na mtoto. Jirani alikuwa kanisani.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Na iyi mvula, itakauka lini?"

"Mwezi wa tano, mama."

Akakitazama kile kipande. Akautazama mzigo wake mlangoni, kisha akalitazama rundo langu na mapengo yake yote.

"Unaipanga mubaya," akasema. "Ulete mawe ingine, mchwa itaikula mbele ya kukauka."

Nikaenda kutafuta mawe. Niliporudi nayo, mkeka wake ulikuwa umetandikwa tena.